Maziwa ya Picha

Kezia alikuwa amelifua rinda lake la bluu mara mbili kwa ajili ya siku hii, Alhamisi na tena Ijumaa, ingawa Ijumaa halikuwa na doa lolote. Sasa alikuwa ameketi nalo kwenye kochi la mama yake Levis, huko Kendu Bay, magoti yamebanana, na kitambaa cha kufumwa kikimwasha mgongoni. Chai yake ilikuwa mezani ikifanya utando.

"Kunywa, nyar Kuria," mama alisema. Yaani, binti wa Wakuria. "Ama huko kwenu hamnywi chai ya watu?"

"Nakunywa, Mama. Asante."

"Hata hujagusa. Unafikiri nimeweka nini ndani?"

Levis alicheka, kile kicheko chake cha kutupa kichwa nyuma. "Mum, mpole kidogo. Huyu ndiye nilikwambia ana duka ya maziwa pale Migori. Hiyo maziwa yake ni namba moja. Ng'ombe ni za shangazi yake, Nyabuto, kule Kehancha. Mimi sinunui kwa mtu mwingine hata akinipa bure."

Alisema hivyo kwa fahari, akimtazama Kezia kwa yale macho yake ambayo siku zote humfanya asahau bei ya kitu anachouza. Leo macho yale yalimchoma. Kezia aliinua kikombe, akanywa na utando wake wote, ili tu apate pa kuuficha uso.

Mama huyu, Roseline, alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi mweusi wa kiatu. Alikuwa na vidole virefu na kucha zilizokatwa fupi sana, isipokuwa ya gumba la kushoto. Kezia aliiona hiyo kucha, akashangaa, lakini hakuuliza.

"Sasa, Levis," mama alisema, "umeniambia kwa simu leo saa kumi mnaonana na mtu Homa Bay, unamuuzia hiyo kitu yako."

"Lenzi, Mum."

"Lenzi. Na mimi nimefurahi, sitakuficha. Mtu mzima kukaa kwa giza akipiga picha matone! Urudi nyumbani tufungue duka. Lakini kabla hujaiuza nataka kuona. Miaka mitatu nasikia matone, matone. Hebu nionyeshe kitu imekula mtoto wangu."

Levis aliacha kucheka. Alifungua begi lake, akatoa albamu ndogo yenye jalada la kijani.

Kezia alijua kila picha iliyokuwa humo. Alikuwa ameshinda Jumapili zake nyingi katika kile chumba cha nyuma cha studio ya Levis pale Migori, dirisha limezibwa kwa blanketi, wamekaa bega kwa bega wakinong'ona kama watu walio kanisani. Levis alikuwa ametundika mrija wa dripu kwenye msumari, ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kupunguzia. Chini yake sinia nyeusi yenye maziwa kidogo, kiasi cha kufunika kucha. Nyuma, karatasi nyeupe, na nyuma ya karatasi flashi. Mbele, kamera kwenye miguu yake mitatu, na ile lenzi ya makro, ya kukuzia vitu vidogo, nene kama kikombe cha uji, imesogezwa karibu hata unaogopa italowa. Tone likikatika, Levis anahesabu kwa pumzi tu, halafu anabonyeza. Mwanga unapasuka. Kisha unatazama kioo cha kamera, na Mungu wangu! Tone ambalo hukuliona likianguka limesimama pale, limejenga taji, ukuta mwembamba mweupe, na juu ya kila ncha ya taji kuna lulu. Siku ya kwanza alipoona, Kezia alilia. Levis alimfuta machozi kwa gumba akamwambia, "Hata chozi hili ningelipiga picha, lakini lingekauka kabla sijawasha flashi." Hapo ndipo alipompenda, na hakuna mtu aliyemsukuma.

"Hii ni nzuri," mama alisema, akiwa amevaa miwani. "Hii pia. Kama taji ya malkia. Hii je?" Akageuza ukurasa. "Hii imefanya nini?"

"Hizo ndizo sababu nauza," Levis alisema. Sauti yake ilishuka. "Angalia. Ukuta unachanika kabla haujasimama. Lulu hakuna, ni vipande tu. Nilibadilisha flashi. Nilibadilisha urefu wa mrija. Siku nyingine inakubali, siku nyingine inakataa, na mimi nimefanya kila kitu vilevile. Mwishowe nikajua ni mkono wangu, Mum. Unatetemeka. Nachelewa."

"Mkono?"

"Ile siku ya wale watu wa kiwanda cha maziwa kutoka Homa Bay, waliotaka picha ya kuweka kwa pakiti zao. Walikuja wenyewe studio, wakakaa. Niliangusha matone arobaini na matatu mbele yao. Arobaini na matatu! Hakuna hata taji moja ilisimama. Yule mkubwa wao akaangalia saa, akaniambia, kijana, labda ufanye za harusi."

Kezia alihisi jasho likimteremka mgongoni chini ya rinda safi.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa leso, akavaa tena. Akaisogeza albamu dirishani, akaweka kidole pembeni ya picha, mahali ambapo mwanga wa flashi ulikuwa umepita kwenye ukingo wa lile taji lililochanika.

"Hapa iko na bluu," alisema taratibu. "Unaona? Hapa kwa ile nzuri hakuna bluu, maziwa imezuia mwanga. Hapa mwanga umepita kama kwa chandarua. Levis, hii maziwa iliwekwa maji."

Levis alicheka. Alicheka kabisa, kwa moyo mweupe. "Mum! Hapana, hapo umekosea. Hizo zote ni maziwa ya Kezi. Hata tarehe nimeandika nyuma. Wewe ungesema maziwa ya mtu mwingine ningekubali. Kosa ni yangu."

"Umeniuliza mimi nilikuwa nafanya kazi gani miaka kumi na tisa pale Rodi Kopany?"

"Ulikuwa unapokea maziwa ya wakulima, najua. Lakini hii ni picha. Na huyu ni Kezi."

Huyu ni Kezi. Alilisema kana kwamba hilo linamaliza kesi. Mama akamtazama msichana. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama jinsi anavyotazamwa mtu aliyeleta debe la maziwa mlangoni. Kezia alijaribu kuyaweka macho yake mahali, akayaweka kwenye sahani ya mandazi, na hapo yakabaki.

"Nyar Kuria," mama alisema, akifunga albamu. "Njoo unisaidie jikoni."

*

Jikoni kulikuwa na samaki akichemka na nyanya, na moshi kidogo. Mama alifunga mlango. Akachukua chupa ya maziwa kutoka rafuni, akadondosha tone moja juu ya ile kucha ndefu ya gumba lake la kushoto.

"Ona. Limekaa. Limejikunja kama ushanga. Maziwa ya maji inateleza inaenda. Nilirudisha nyumbani wanaume wazima wanalia, kwa kucha hii. Sasa uniambie mwenyewe, ama nikwambie mimi?"

Kezia aliinamisha kichwa kulitazama lile tone.

"Ulikuwa unaweka?"

"Ndiyo, Mama."

"Nyinyi watu wa ng'ombe! Na kwa mtoto wangu!"

Ilikuwa imeanza hivi, na ilikuwa imeanza kabla ya mapenzi. Levis alikuja dukani mwezi wa pili akataka nusu lita. Kesho yake, nusu lita. Siku ya nne Kezia alimuuliza, "Kwani una watoto wangapi?" naye akajibu, "Sina. Na bibi pia sina, kama hilo ndilo swali lenyewe." Wateja wakacheka. Halafu akaeleza kwamba maziwa yale hayanywi, anayamwaga kwa matone, anapiga picha.

Kuyamwaga! Kezia alilelewa na nyanya ambaye tone likianguka mezani alilifuta kwa kidole, akakiramba kidole. Usiku ule hakupata usingizi vizuri. Akaona ni kosa kubwa, maziwa mazima kwenda kwenye sinia. Basi akaanza kuweka mitungi miwili: ule mweupe wa maziwa ya kunywa, na mdogo wa njano wa maziwa ya picha. Katika wa njano alitia kikombe kimoja cha maji kwa kila vikombe viwili vya maziwa, hasa Jumanne, siku ambayo hoteli ya jirani huongeza oda. Alijiambia hamwibii mtu, kwa kuwa hakuna mtu atakayeyanywa. Bei ilikuwa ileile.

"Ile iliyobaki ulimpa nani?" mama aliuliza. "Mtoto mwenye njaa? Mgonjwa?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hapana, Mama. Niliuza."

Mama akaguna. Akageuza samaki kwa mwiko, taratibu, asivunjike.

"Na ulijua inaharibu kazi yake?"

"Mwanzo sikujua. Mwezi wa nne akanieleza, maziwa ikiwa nyepesi taji inachanika. Nikaacha. Nikampelekea mazima." Akaanza kuukunja upindo wa rinda. "Halafu Jumanne moja maziwa ikakuja kidogo. Nikasema, leo anafanya mazoezi tu. Nikampelekea yale ya njano mwenyewe, studio. Nikakuta wageni wamekaa. Wale wa kiwanda."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Matone arobaini na matatu."

"Nilihesabu pia, Mama. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango."

Sufuria ilikuwa ikinong'ona. Kezia alitamani huyu mama ampige kofi, ampige tu, iishe. Lakini Roseline aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, mguu wake umeuzuia, akapangusa mikono yake kwa kanga, na aliposema, alisema kwa upole uliomtisha msichana zaidi.

"Sikiliza. Mimi sikutaki hapa, na sikukutaka hata kabla ya leo. Nilitaka msichana wa karibu, anayejua lugha yangu. Lakini mimi si mbaya. Sitamwambia. Mle samaki, muende Homa Bay, auze hiyo lenzi. Wiki ijayo umwambie umebadilisha roho. Ataumia kidogo, atarudi nyumbani. Jina lako litabaki safi. Hata mimi nitakusifu kanisani."

Kezia alisimama akishika ukingo wa meza. Kwa dakika nzima, na hii ndiyo iliyomwaibisha kuliko yote baadaye alipokumbuka, aliliona jambo lile kuwa zuri. Aliona anatoka kwenye mlango ule na rinda lake safi. Aliona Levis akimkumbuka kama msichana aliyemwacha, si kama msichana aliyemdanganya. Karibu aseme asante.

"Na mikono yake?" akauliza.

"Mikono yake iko na nini?"

"Anaamini inatetemeka, Mama. Hata akishika kikombe siku hizi anaiangalia. Si wewe umeona picha? Mikono yake haina kosa."

"Nimeona."

"Na utamwacha aamini hivyo mpaka azeeke? Mtoto wako?"

Roseline akaitazama sufuria, akaitazama ile kucha yake. Damu ilimpanda shingoni, mama mzima, hadi kwenye masikio. Akaondoa tu mguu wake mlangoni ili msichana apite.

*

Levis alikuwa dirishani, ameitoa lenzi kwenye mfuko wake, anaipangusa kioo kwa kitambaa laini, duara, duara, kama anayemwogesha mtoto atakayepelekwa safari. Alipomwona Kezia alitabasamu.

"Amekuhoji? Usijali, yeye ni maneno tu. Akikuzoea mtanitenga."

"Levis, weka hiyo chini."

"Nini?"

"Weka chini. Usiiuze." Alibaki amesimama katikati ya chumba. Kukaa kwenye kochi la watu na kusema jambo lile aliona haiwezekani. "Mama amesema kweli. Niliweka maji. Mkono wako haukuwahi kuchelewa hata siku moja. Ni mimi."

Levis alimtazama, bado na mabaki ya tabasamu, kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha asiyoijua.

"Unasema hivyo ndio nisiuze."

"Kikombe moja ya maji, vikombe mbili za maziwa. Siku za Jumanne nyingi. Geuza picha zako usome tarehe."

Alizigeuza. Alizitoa moja moja kwenye albamu, akazilaza kifudifudi mezani kati ya mandazi na vikombe, akizisoma kwa midomo. Jumanne. Jumanne. Ijumaa moja. Jumanne. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na Kezia akaona kwamba na yeye ameliona hilo.

"Ile siku ya kiwanda," alisema bila kuinua kichwa.

"Hata ile siku."

"Ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama."

"Nilikuuliza. Nilikuangalia nikakuuliza, Kezi, nakosea wapi? Mbele ya watu. Ukaniambia nini?"

Hakutaka kulirudia. Alilirudia. "Nilikwambia, pumzika kidogo, labda umechoka."

"Ukanipa leso nijifute jasho."

"Nikakupa."

"Nikalala nayo." Sasa alimtazama. Hapakuwa na hasira katika yale macho, afadhali ingekuwepo. Kulikuwa na aibu. Alikuwa anaona aibu kwa niaba ya Kezia, na tena kwa niaba yake mwenyewe, aliyemsifia mama yake maziwa namba moja robo saa iliyopita. "Nilimwambia Mum kosa ni yangu. Nimemcheka mama yangu, Kezi. Kwa ajili yako."

"Nisamehe" lilikuwa limefika kwenye meno. Kezia alilimeza. Aliona kulisema wakati ule ni kumwomba ampe kitu tena.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Roseline alisimama hapo na mwiko mkononi, hasogei mbele wala nyuma.

"Naye alijua ni wewe?" Levis aliuliza, akimwonyesha mama yake kwa kidevu.

Kezia aliangalia sakafu. "Ni yeye aliona kwa picha. Mengine ni yangu." Yale aliyoahidiwa jikoni hakuyataja.

Mwiko ukashuka. Mama alirudi ndani, na wakasikia maji ya bomba yakifunguliwa, yakamwagika muda mrefu bila kitu chochote kuoshwa.

Levis alichukua simu, akampigia yule mnunuzi wa Homa Bay.

"Haloo, Maranga? Ndiyo, ni Levis. Sikuji. Hapana, si bei. Lenzi siuzi." Akasikiliza. "Nilifikiri imenishinda. Kumbe haikunishinda." Akakata. Kisha, kwa sauti ileile ya mtu anayeongea kwa simu, akasema, "Nitakusindikiza barabarani. Utapata gari ya Homa Bay, uunganishe Migori."

"Naweza kwenda peke yangu."

"Umekuja kwetu na mimi. Hutatoka peke yako kama umefukuzwa."

*

Njia ya kutoka nyumbani kwao hadi barabarani ni fupi, imepita kati ya mashamba ya mahindi na ua wa minyaa, lakini siku ile ilikuwa ndefu. Levis alitangulia hatua mbili. Kezia alifuata, viatu mkononi, kwa sababu kisigino kilikuwa kimemchubua na hakuona sababu tena ya kuonekana maridadi. Mara moja Levis alipunguza mwendo kana kwamba atageuka, kumbe alikuwa anaruka dimbwi. Alisimama upande wa pili, akangoja mpaka naye avuke, lakini hakumpa mkono.

"Utawaita tena wale wa kiwanda?" Kezia aliuliza mgongo wake.

"Sijui."

"Nitaenda mwenyewe Homa Bay. Nitawaambia ni mimi."

"Utawaambia uliweka maji? Watu wa kiwanda cha maziwa? Hakuna mtu atanunua kwako tena."

"Nitawaambia Jumatatu."

Zile hatua mbili kati yao zikawa moja.

Karibu na barabara walikutana na wanawake wanne wanarudi kutoka ufuoni mwa ziwa, mabeseni ya omena, wale dagaa wadogo, kichwani. Mbele yao alikuwa Metrine, jirani, ambaye kwa sauti yake mtu hahitaji redio. Kijiji chote kilikuwa kimesikia kwamba mtoto wa Roseline analeta msichana leo.

"Levis! Levis wetu! Simama hapo!" Alishusha beseni, akamwangalia Kezia toka kichwani hadi kwenye miguu yake mitupu. "Mbona mapema hivi? Samaki imeisha? Ama msichana amekataa mama mkwe?"

Wenzake wakacheka. Kezia alitazama vidole vya miguu yake, vyenye matope. Aliwaza, sasa atasema. Ana haki ya kusema. Angeweza kusema ni rafiki tu, ni mteja, ni mtu wa Migori aliyepita kusalimia. Kesho kusingekuwa na la kuulizwa, na njia hii Kezia asingeikanyaga tena maishani.

"Si unijibu, wewe!" Metrine alisema. "Ndiye huyu?"

Levis alikaa kimya. Kimya chake kilikuwa kirefu mpaka wale wanawake wakaacha kucheka, mmoja akamgusa mwenzake kiwiko. Kezia alisikia pumzi yake, ile pumzi aliyoizoea gizani, ya kuhesabu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu."

Vigelegele vikapasuka, vikawafikia hata watu wa upande wa pili wa barabara. Metrine alimkumbatia Kezia kwa mikono yenye magamba ya omena, akamwita mke wetu, akamwita mrembo. Kezia hakuweza kuuinua uso. Kule jikoni hakulia, wala sebuleni Levis alipozigeuza zile picha. Sasa machozi yalimtoka moja kwa moja, akiwa amesimama katikati ya shangwe asiyostahili hata nusu yake.

Levis alikuwa haangalii upande wake. Alikuwa anatazama barabara, taya imekaza.

"Wanakungoja," alimwambia kwa sauti ya chini. "Wasalimie."

Naye akaweka viatu chini, akafuta uso kwa mkono wa rinda lake la bluu, akawageukia wale wanawake, akawasalimia mmoja mmoja.